Kitabu cha Mia Mbili na Kumi na Nne

Ndugu, majirani, nanyi mliotoka Nizwa na Sur kuja kutushika mkono hapa Ibra, nawasomea maisha ya dada yetu, Bi Turkiya bint Himid, na mimi Mahrous, mtoto wa mjomba wake, nimeombwa nisichekeshe, nitajitahidi.

Alizaliwa Malindi, Unguja, tarehe 14 Machi 1951, akasoma huko huko, akaja Oman mwaka 1972, akafundisha watoto wa Ibra kuanzia 1974 hadi 2006, na wengine wenu mpaka leo akitajwa mnakaa wima. Tarehe 6 Mei 1976 aliolewa Nizwa na marehemu Zakariya, wakajaaliwa Hala na Bader.

Alipostaafu alishika amana ya baba yake, fihirisi ya maktaba ya faragha ya jumba la kifalme kule Unguja, daftari lililoandikwa kwa mkono mwaka 1891, vitabu mia mbili na kumi na vinne, na pembeni ya kila kitabu jina la aliyekiazima. Waazimaji wamekufa, vitukuu wametapakaa huku, naye akamwomba Mungu asimchukue kabla hajajua kila kitabu kiko wapi. Hala akiendesha gari, alipiga hodi mlango kwa mlango, watu wakidhani kaja kunyang'anya, mzee mmoja wa Sur akamwambia, "Bint Himid, mwambie aliyekutuma mimi nishakufa," lakini alipojua anataka kukiona tu na kuandika kwa penseli kiko kwa nani, alikitoa mwenyewe, kimefungwa kangani, na kahawa juu yake.

Alivipata vyote isipokuwa kimoja, cha nyota na misimu, nacho kilikuwa kwangu, ndani ya bati la biskuti. Mara tatu alikuja kuuliza, mara tatu nikamchekesha mpaka akasahau alilojia, kwani niliona haya, babu wa baba yangu alikiazima kwa siku saba.

Figo zilimdhoofisha tangu 2023, na Januari hii nilimpelekea kitabu hospitalini, hakunigombeza, aliomba penseli, akaandika jina langu, akasema, "Miaka yote hii unanichekesha, kumbe mwoga tu." Alifariki Jumatatu, tarehe 10 Februari 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, Mwanamboka aliyemuuguza nyumbani kama mamake, majirani, na walimu wenzake. Ameusia kila nyumba ibaki na kitabu chake ila isimfungie mlango msomaji, basi kuanzia Alkhamisi njooni kwangu, kahawa ipo, na atakayeazima nitamwandika jina.

Da Turkiya, lala salama, Mola akunawirishie kaburi lako.