Saini Aliyoinyima Boila

Tarehe 14 Juni 2010, marehemu shangazi yetu aliondolewa chumba cha mitambo akapelekwa ghala la pamba, kwa barua ya mistari mitatu iliyomwita "mkaidi". Ukaidi wake ulikuwa mmoja tu: alikataa kutia saini kwamba vali ya usalama ya boila, ile inayotoa mvuke ukizidi, ni nzima, ilhali ilikuwa imeganda kwa kutu.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa nne wa fundi viatu na mkunga. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1979, akasomea mitambo ya mvuke, msichana pekee darasani. Wenzake walimtania, "Dada, boila si sufuria!" Akawajibu, "Ndiyo maana nyinyi mnaiunguza." Mwaka 1983 kiwanda cha nguo kilimwajiri kuwa mkaguzi. Miaka mitatu baadaye alifunga ndoa kanisani na fundi cherehani, mtu mpole aliyemwita "Injinia" hata mezani.

Siku ya saini ile, meneja alimwambia, "Mama, kalamu nayo ina uzito gani?"

"Kalamu nyepesi, bosi. Wazito ni wale watu thelathini wanaosimama kando ya boila."

Tusimpambe kwa ujasiri asiokuwa nao. Alitusimulia mwenyewe kwamba kifuniko cha kalamu alikuwa ameshakifungua. Hofu ya kufukuzwa ilimshika. Alitoka, akasimama nyuma ya mlango wa stoo, akaomba: "Bwana, mkono huu unataka kusaini. Ushike wewe, mimi siuwezi." Akarudi, akaifunga kalamu.

Vita havikuishia hapo. Ghalani, katikati ya vumbi, kila asubuhi alipigana upya na chuki dhidi ya aliyemhamisha. Kwa hiyo jioni ukimwuliza, "Umeshindaje, shangazi?" hakujibu "salama" kama watu wengine. Alisema, "Sikushinda mimi, nimeshindiwa." Na zipo siku alisema, "Leo nimeshindwa, mwanangu. Kesho ataniinua."

Kikohozi kilianza mwaka 2017. Aliandika barua nne kuomba barakoa, hazikujibiwa. Alistaafu mwaka 2021 akiwa na mapafu ambayo daktari alisema yamejaa vumbi. Tarehe 2 Novemba 2023, saa kumi na moja jioni, binti yake aliinama kitandani: "Umeshindaje, mama?" Akanong'ona, "Nimeshindiwa." Hakusema tena.

Ameacha mume, binti, wajukuu wawili, na kaka yake, ambaye ni baba yangu.

Waheshimiwa wa kiwanda mlioketi safu ya mbele: boila ile inawaka hata sasa, kwa vali ileile. Hatukuja kuwalaani; yeye alitukataza, na hadi mwisho alimwomba Mungu nguvu za kutowachukia. Izimeni leo, kabla zamu ya jioni haijaingia. Lifuteni neno "mkaidi" katika faili lake. Yeye vita vyake vimekwisha, na apumzike kwa amani. Nyinyi msipumzike mpaka moto ule uzimwe.