Mama Mildred Kavetsa na Simu za Maziwa Yaliyokataliwa

Mama Mildred Kavetsa anastaafu Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025, baada ya miaka ishirini na tisa katika kiwanda chetu cha maziwa hapa Eldoret. Aliajiriwa kuosha mikebe, akapanda hadi kupima maziwa, na tangu mwaka wa 2004 ndiye karani wa mapokezi.

Kazi yake ilikuwa kuandika uzito wa maziwa ya kila mkulima, kuandaa ripoti ya kila Ijumaa, na kumpigia simu yeyote ambaye maziwa yake yamekataliwa. Mwaka juzi idara yetu ya kompyuta iliagizwa kuchagua kazi za kuachiwa mashine. Nilikaa kando yake wiki nzima nikipima muda. Uzito haukuwa na ubishi. Mizani sasa inajiandikia, na aliyefurahi zaidi ni yeye, maana kalamu ilikuwa imemwachia sugu kidoleni.

Ripoti niliitengenezea programu kwa wiki tatu. Nilipomwonyesha, aliniambia kwa upole kwamba ripoti yenyewe haisomwi na mtu. Kwa miezi minne alikuwa akiandika, kwenye nafasi ya maoni, kwamba ndama wa ofisi anaendelea vizuri. Hatuna ndama. Nilifungua faili nikamkuta ndama huyo: mwezi wa Februari alikuwa tayari ameachishwa kunyonya. Ripoti ikafutwa, na programu yangu nayo.

Simu ndizo zilizokuwa zikila muda mwingi, kwa hiyo nilipendekeza kompyuta itume ujumbe mfupi badala yake. Siku ya nne Mzee Bethwel wa Kesses alifika langoni, simu mkononi.

“Nani huyu anakataa maziwa yangu, na nikimpigia hashiki?”

“Mzee, hiyo ni kompyuta,” Mama Mildred akamwambia.

“Basi niitie mwenye hiyo kompyuta!”

Niliitwa, lakini Mama Mildred ndiye aliyemuuliza kama ng'ombe wake alidungwa sindano karibuni. Alikuwa amedungwa, na dawa ilikuwa bado kwenye maziwa. Akamhesabia siku za kungoja, na mzee akarudi siku zilipoisha. Mwezi huo wa majaribio ya ujumbe, wakulima wengine kumi na tisa waliotumiwa ujumbe hawakuleta maziwa tena. Tulirudisha simu.

Hata hivyo, uongozi ulikuwa umepanga kufunga nafasi yake akiondoka. Tulipomuuliza anataka zawadi gani, hakutaja blanketi wala tangi la maji. Aliomba mtu wa kupiga simu. Jumatatu iliyopita barua ilitoka: nafasi inabaki, na Munira Mustafa wa maabara ataishika. Tayari Munira anajifunza nani hashiki simu wakati wa kukamua, na nani lazima kwanza aulizwe habari za wajukuu.

Mama Mildred, asante kwa miaka yote hii, na kwa kunisahihisha bila kunitangaza. Ufike nyumbani Mbale salama, upumzike vyema, na maziwa ya ng'ombe wako wawili yasikataliwe na mtu.