Kifungo cha Tatu

Habari ya sweta ya njano, ambayo familia imekubali isomwe leo mbele yenu, aliisimulia kwanza dobi aliyefanya kazi pamoja na marehemu shangazi yetu, yule ambaye hospitalini wote wanamwita Mama Sabuni, Jumapili ya tarehe 8 Mei 1994, nje ya kanisa baada ya ibada, akimweleza baba yangu, kaka wa marehemu, nami nikiwa nimesimama pale. Niliiandika kama alivyoisema, na mwaka jana marehemu mwenyewe aliisoma, akasahihisha tarehe mbili, akasema iliyobaki ni sawa.

Shangazi yetu alizaliwa tarehe 12 Juni 1951, mtoto wa pili kati ya watano wa baba mwashi na mama mfumaji. Alianza shule ya msingi Januari 1959, akamaliza darasa la saba Novemba 1965, na hakuendelea, kwa sababu mwaka huohuo baba yake alianguka kazini akafariki, na wadogo zake walihitaji mtu wa kuwatazama wakati mama yao akifuma. Tarehe 2 Januari 1973 aliajiriwa kuwa dobi wa hospitali, akawekwa upande wa kunyoosha mashuka, ndipo alipopata jina la Bibi Pasi, akalizoea kiasi kwamba ukimwita kwa jina lake la ubatizo aligeuka kutazama ni nani anayeitwa.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 14 Desemba 1974, na fundi baiskeli, mtu mcheshi, aliyependa kusema kwamba katika nyumba ile mwenye makunyanzi ni yeye peke yake. Walijaliwa watoto watatu, mvulana aliyezaliwa tarehe 3 Oktoba 1975, na mabinti wawili, wa mwaka 1978 na wa mwaka 1983.

Mvulana huyo aliugua homa ya uti wa mgongo, akalazwa katika wodi ya watoto ya hospitali ileile Jumatatu, tarehe 3 Machi 1980, akafariki Alhamisi, tarehe 6. Alikuwa na sweta ya njano aliyofumiwa na mama yake, yenye vifungo vinne, cha tatu kikiwa kimekatika, na siku moja kabla ya kuugua alimfuata mama yake uani akamwambia, "Mama, kifungo changu," naye, akiwa na ndoo mikononi, akamjibu, "Kesho, baba." Alizikwa na sweta hiyo kama ilivyokuwa, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kifungo.

Tarehe 3 Aprili 1980, siku ya Alhamisi Kuu, saa nne asubuhi, magunia ya nguo chafu yalipofunguliwa, katika gunia la wodi ya watoto ilikuwamo sweta ya njano, imelowa chapachapa, haina ile alama ya uzi mwekundu ambayo kila nguo ya hospitali hushonewa, na kifungo cha tatu hakipo. Muuguzi mkuu wa wodi aliulizwa, akajibu kuwa hana mtoto mwenye sweta ya namna hiyo. Iliwekwa rafuni, kesho yake asubuhi haikuwapo, Alhamisi iliyofuata ikarudi, na ikawa hivyo kila Alhamisi. Marehemu hakuigusa. Aliomba iondolewe, akafunga siku tatu, haikuondolewa, basi akaacha kuomba, na kwa miezi kumi na minne hakukanyaga kanisani, na mchungaji wa wakati ule alipomfuata nyumbani alimwambia kwa heshima zote, "Chai nitakupa, mchungaji, ila usiniombee."

Tarehe 9 Juni 1981 mashine ya kunyoosha ilimbana mkono wa kulia, vidole viwili vikakakamaa moja kwa moja, akakaa nyumbani wiki saba. Wiki hizo sweta iliendelea kuja, kila mara imelowa zaidi, hadi Mama Sabuni, ambaye wakati huo alikuwa binti wa miaka kumi na tisa, akaitupa katika tanuri la boila, akasimama pale mpaka ikawa majivu, na Alhamisi iliyofuata ikaja inanuka moshi. Marehemu aliporudi kazini Alhamisi, tarehe 30 Julai, aliinusa, akauliza ni nani aliyeichoma nguo ya mwanawe.

"Mimi, dada. Nisamehe, niliogopa."

"Hata mimi naogopa. Niletee beseni."

Aliifua kwa mkono wa kushoto, akaianika juu ya bomba la mvuke, akashona kifungo kwa uzi mweusi kwa kuwa hakukuwa na mwingine, kazi iliyomchukua saa nzima kwa vidole vile, na Jumapili hiyo alikuwa kanisani, benchi la pili.

Lakini sweta, Ijumaa asubuhi haikuwapo, na Alhamisi ikarudi, imelowa, bila kifungo. Alifanya hivyo kwa miaka thelathini na sita. Aliniambia kwamba hakuomba tena iondoke, aliomba mkono usimwishie nguvu na duka lisiishiwe vifungo, na kwamba kabla ya hapo alikuwa akimwamini Mungu kama mtu anavyoliamini paa lake wakati wa kiangazi. Kila akimaliza kushona alipanda wodi ya watoto, akakaa na mama ambaye mtoto wake amezidiwa, hakumwambia kuwa ni mapenzi ya Mungu, aliuliza tu mtoto ametaka nini, akakifanya palepale. Sisi wa nyumbani tulijua kuwa mtoto hakuambiwa "kesho" na Shangazi, ukitaka hadithi ulisimuliwa, hata kama sufuria inaungua.

Mume wake alifariki tarehe 17 Agosti 1999, naye akastaafu tarehe 30 Juni 2006, na tangu hapo Mama Sabuni alimletea sweta nyumbani kila Alhamisi, ndani ya mfuko.

Maradhi ya figo yalimwanza Februari mwaka huu, akalazwa tarehe 4 Septemba, na kuanzia tarehe 12 hakuweza kuinua mikono hata kushika kikombe. Alhamisi iliyopita, tarehe 21 Septemba 2017, saa nne asubuhi, gunia lilifunguliwa, na sweta ilikuwamo, kavu, imenyooshwa, ina vifungo vyote vinne, cha tatu kimeshonwa kwa uzi mweusi. Mama Sabuni aliichukua kwenda kumwonyesha, akamkuta daktari anamfunika shuka, saa nne na dakika ishirini. Binti yake mkubwa, aliyekaa kitandani tangu alfajiri, anasema mikono haikusogea, ila kwenye kidole gumba cha kulia kulikuwa na tone dogo la damu, kama mtu aliyejichoma sindano. Mama Sabuni aliirudisha sweta rafuni, na Ijumaa asubuhi rafu ilikuwa tupu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia na kutulaza, madobi wa zamu zote mbili, na kanisa. Kati ya walioiona sweta hiyo, muuguzi mkuu alifariki mwaka 2003, mchungaji alimtangulia mwaka 1996, mabinti wote wawili wako hapa, na Mama Sabuni yu hai, amekaa benchi la pili, na amesema Alhamisi ijayo saa nne atakuwa penye gunia, sindano anayo.

Pumzika sasa, Shangazi, mikono yako imetulia.