Tabitha Wangu na Nyumba ya Kiprugut

Marehemu Tabitha Wangu Kihara, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Shiru, alizaliwa tarehe 9 Juni 1957 huko Githunguri, Kiambu, akiwa kifungua mimba wa Mzee Kabiru na Mama Kui. Anayesoma maneno haya ni Wachuka, kitinda mimba wa nyumba hiyo, aliyebebwa mgongoni na marehemu na kuchapwa na marehemu, yote mawili kwa haki. Dada yetu aliacha agizo akiwa kitandani. Alisema, "Mkinisoma, msinirembe. Na ile mambo ya baba mseme yote, mbele ya kila mtu." Basi leo tutayasema, na anayetaka kukohoa akohoe sasa.

Mwaka wa 1960 Mzee Kabiru alihamisha jamaa yake hadi shamba la mzungu mmoja karibu na Molo, akapewa kazi ya kukausha pareto. Jirani yake pale kambini alikuwa Kiprugut, mchungaji wa ng'ombe wa mzungu, mtu wa Londiani kama tulivyokuja kujua baadaye, aliyekuwa na mke na mtoto mchanga. Walikuwa marafiki, tena wa kuvuta tumbaku moja. Kilichowakosanisha ni ng'ombe walioingia kwenye viazi vya Kabiru, na baadaye maneno, ambayo yalikuwa mabaya kuliko ng'ombe. Kabiru alimtusi mwenzake mbele ya wanawake. Kiprugut akamwambia wakutane Jumapili, wapigane wakiwa wawili tu, na atakayeshindwa ahame shamba.

Walikutana Jumapili ya mwisho ya Agosti 1962, nyuma ya josho la ng'ombe. Kila mmoja alikuja na rungu moja na rafiki mmoja wa kushuhudia, na walikubaliana kwamba hakuna atakayewaingilia. Mashahidi walisema wawili hao walisalimiana kwa mkono kwanza. Haikuchukua muda. Rungu la Kabiru lilimpata Kiprugut kwenye kipaji cha uso, akaanguka, wala hakuinuka tena. Kabiru hakukimbia. Aliketi pale chini, kando ya rafiki yake, mpaka askari walipokuja kumchukua.

Mahakama ya Nakuru ilimfunga miaka mitano kwa kuua bila kukusudia. Mzungu hakutaka vurugu shambani mwake, kwa hivyo mjane wa Kiprugut alipakiwa kwenye lori pamoja na mtoto na sufuria zake, akarudishwa kwao. Mwili ulikuwa bado Nakuru kwa daktari. Uliporudishwa, wafanyakazi waliuzika hapo hapo karibu na josho, na hakuna mtu wa nyumba ya Kiprugut aliyekuwepo. Hawakuambiwa wakati huo wala baadaye. Hilo ndilo jambo lililomla dada yetu maisha yake yote.

Marehemu alisomea shule ya msingi pale Molo, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1972, akaendelea hadi kidato cha pili. Alikuwa hodari wa hesabu na mbovu wa kushona, na mwalimu wa kushona alimwambia mama yetu kwamba hatapata mume. Baba alikuwa amerudi kutoka jela mwaka wa 1967, mtu wa kimya. Siku moja, Wangu akiwa na umri wa miaka kumi na minne, baba alimpeleka kwenye josho akamwonyesha mawe aliyoyapanga kwa mkono wake. Akamwambia, "Kiprugut yuko hapa. Watu wake hawajui. Mimi siwezi kusimama kwao. Wewe utaenda uwaambie." Wangu akasema ndio, baba, kama mtoto anayetumwa dukani.

Mwaka wa 1975 aliacha shule kwa sababu baba alikuwa mgonjwa, akaanza biashara ya viazi. Alinunua Keringet, Kuresoi, Olenguruone na Mau Summit, akauza Nakuru na Nairobi. Ndivyo alivyokutana na Naftaly Kihara, dereva wa lori, ambaye lori lake lilikwama kwenye tope la Keringet likiwa na magunia yake. Naftaly alishuka akaanza kuomba. Wangu alimwambia, "Omba ukisukuma." Walifunga ndoa kanisani Molo tarehe 15 Desemba 1979, na mwalimu wa kushona alialikwa akaja. Mungu aliwajalia watoto wanne: Shiru, Kihara, Kabiru na Kui. Mnajua desturi yetu. Shiru ni jina la mama yake Naftaly, Kihara ni la baba yake, Kabiru ni la baba yetu na Kui ni la mama yetu. Kwetu mtu haondoki, anarudi kwa jina.

Sasa hapo ndipo dada yetu alipopotea njia, na alisema tuwaambie ili mcheke kidogo. Baba alipofariki mwaka wa 1984, aliona zamu yake imefika. Hakujua ukoo wa Kiprugut, hakujua kijiji, alijua jina tu. Akafikiri hivi: kama Kiprugut alikuwa na mtoto wa kiume, basi huyo mtoto amezaa, na mtoto wake wa kwanza ni Kiprugut. Akaanza kuwatafuta. Na jamani, akina Kiprugut ni wengi Bonde la Ufa! Kila alikonunua viazi aliulizia Kiprugut, na kila Kiprugut aliyeonyeshwa alimpelekea blanketi na sukari, akamkalisha chini, akaanza kulia kabla ya kusema neno. Kulikuwa na Kiprugut fundi wa baiskeli, Kiprugut mwalimu, na Kiprugut mmoja wa kule Olenguruone ambaye alikuwa mtoto wa kunyonya. Yule mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia kwa upole, "Mama, pole sana, lakini babu yangu yuko hai. Yule pale anakama ng'ombe." Blanketi alirudisha. Sukari alibaki nayo.

Watu walimshauri aache. Mwanzo wa mwaka wa 2008, katika vurugu za uchaguzi kati ya kabila letu na la kina Kiprugut, nyumba yao ya Kuresoi ilichomwa pamoja na ghala la viazi, wakakimbilia Nakuru, wakapanga vyumba viwili Kaptembwo. Jioni moja Naftaly alimwuliza, "Wangu, hawa unaotafuta, si ndio hawa wametufukuza?" Alijibu bila kuinua macho kwenye jiko, "Waliotufukuza nawajua kwa sura. Kiprugut hayumo. Yeye alikufa kabla." Mwaka haukuisha kabla hajarudi Keringet kununua viazi na kuuliza. Tulimwona ana wazimu. Wengine wetu tulimwambia hivyo, na alituambia tukae nao wazimu wetu wa kukaa kitako.

Sokoni Nakuru alipanga meza kando ya Chepkirui, mama wa kutoka Londiani anayeuza maziwa, ambaye tuko naye hapa leo. Walikaa pamoja miaka, wakashikiana meza, wakazikiana wazazi, na Wangu hakuwahi kumwambia anatafuta nini. Aliogopa. Alifikiri Chepkirui akijua baba yake alimwua mtu wa kabila lao, atahamisha maziwa yake upande wa pili. Mwaka wa 2014 mwenye ploti ya josho, iliyokatwa kutoka lile shamba la mzungu, alifariki, na wanawe wakaanza kusema watalima mpaka kwenye mawe. Hapo dada yetu hakuwa na la kufanya. Alimgeukia Chepkirui katikati ya soko akamwaga yote.

Chepkirui alisikia habari ya akina Kiprugut wote wale, akacheka mpaka akakalia gunia. "Ai, Mama Shiru! Umetembea hivyo miaka thelathini na mimi niko hapa? Kwetu Kiprugut ni mtoto amezaliwa wakati wa njaa. Ndiyo maana wako wengi, njaa imekuwa nyingi! Jina la babu liko, lakini hilo linaitwa ndani ya nyumba, huwezi kulisikia sokoni. Mjukuu wake anaweza kuwa Kipkorir, amezaliwa kukipambazuka. Anaweza kuwa Kimaiyo, amezaliwa wazee wakinywa pombe." Kisha akamshika mkono. "Wewe wacha majina. Tuulize wazee: ni mama gani alirudi na lori kutoka Molo, mwaka huo, bila bwana?" Maziwa hayakuhamishwa popote. Wiki haikuisha kabla mtu hajapatikana.

Mtoto wa lile lori ni Mzee Kimaiyo arap Rugut, yaani mwana wa Kiprugut, mkulima wa Londiani. Siku Wangu alipofika langoni kwake, alisema tu, "Mimi ni binti ya Kabiru." Jina hilo Kimaiyo alikuwa amelelewa nalo, jina la aliyemwua baba yake. Alisema, "Mama, enda salama. Na usirudi." Akafunga lango, polepole, kwa adabu. Dada yetu alirudi. Aliporudi tena, alikuta hata mbwa amezoea. Mwishowe alisimama nje ya lango akapaza sauti, na waliokuwepo wanasema ilisikika mpaka barabarani: "Kimaiyo! Sikuja kuomba msamaha. Ninajua baba yako amelala wapi!"

Lango likafunguliwa. Kimaiyo alimwambia kwamba mama yake alifariki mwaka wa 2001, na mpaka siku ya mwisho alikuwa akiuliza mumewe yuko wapi, kama amezikwa au alitupwa. Wangu alisikia hayo akakaa chini kwenye nyasi. Alikuwa amechelewa miaka kumi na mitatu, na wakati huo wote alikuwa akigawa sukari kwa akina Kiprugut wasio wake. Alilia siku hiyo kuliko alivyomlilia baba.

Tarehe 7 Februari 2015 Mzee Kimaiyo alifika kwenye josho na wanawe na wazee wa kwao. Wana wa yule mwenye ploti, tunawashukuru, walikuwa wameahirisha kulima. Wangu aliyaonyesha mawe yale kwa mkono, kama alivyoonyeshwa. Wazee wa pande zote mbili walikaa, wakazungumza hadi wakamaliza, na yaliyotakiwa kutolewa yakatolewa. Tangu hapo Kimaiyo alikuwa akitutembelea kila mara. Lakini hakula. Kati ya nyumba zilizomwaga damu, chakula ni kitu kigumu. Alikuja na chupa yake ya chai, akaketi sebuleni, akanywa yake huku yetu ikipoa. Dada yetu, mnamjua mdomo wake, alimwuliza, "Kimaiyo, kwani chai yangu ina sumu?" Akajibu, "Hapana, Mama Shiru. Wazee wamemaliza. Mimi pia nimemaliza. Lakini nikiinua kikombe ninamwona mama yangu kwenye lile lori." Wangu hakumlazimisha. Ila aliendelea kumpikia kila alipokuja, miaka yote hiyo, na sahani ikaliwa na Naftaly.

Mwezi wa Septemba mwaka jana marehemu alianza kushindwa kumeza. Alitibiwa hapa Nakuru, na madaktari wakasema ni saratani ya umio. Alipigana nayo kama alivyopigana na kila kitu. Kimaiyo alipomtembelea wodini, akiwa amekonda na hawezi kumeza hata uji, dada yetu alimtazama, akatabasamu, akamwambia kwa ile sauti iliyobaki, "Sasa tuko sawa, wewe na mimi. Hata kwangu chakula hakishuki." Kimaiyo alitoka nje akasimama kwenye korido muda mrefu. Baadaye Wangu alimwita Shiru akamwambia, "Siku mtakaponizika, mtapika vizuri. Yeye pia mumpakulie. Akikataa, msimuulize kwa nini." Alitutoka Jumanne tarehe 11 Machi 2025, alfajiri, Naftaly akiwa amemshika mguu kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na watoto.

Tulipokuwa tukiandika wasifu huu juzi, Mzee Kimaiyo alifika nyumbani na mkewe na mwanawe Kipkorir. Alipita sebuleni bila kuketi, akaenda moja kwa moja jikoni, akamkuta Shiru na masufuria ya wageni. Akasema, "Shiru, nipe chai." Shiru alimimina, nyingine ikamwagika. Alikunywa amesimama, kikombe kizima, huku machozi yanamtoka. Kisha akamwomba amwongezee, na akauliza kama kuna mkate. Naftaly, ambaye hakuwa amelia tangu Jumanne ile, alilia hapo mlangoni.

Alipomaliza aliomba kuona karatasi hizi kabla hazijaenda kuchapishwa. Alisoma taratibu mpaka mwisho, kwenye orodha ya jamaa. Sisi tulikuwa tumemweka chini kabisa, pamoja na marafiki wa familia. Aliweka kidole pale. "Nani aliniweka hapa?" Anayesoma akakiri kwamba ni yeye. Akasema, "Nitoe. Niandike na ndugu zake."

Marehemu ameacha mume wake, Naftaly Kihara. Watoto wake Shiru, Kihara, Kabiru na Kui. Mjukuu wake Mitchelle na wajukuu wengine. Dada yake Wachuka. Na ndugu yake, Kimaiyo arap Rugut wa Londiani.

Mungu ampe Wangu pumziko. Na baada ya maziko, karibuni nyote nyumbani kwa chakula. Mzee Kimaiyo ndiye atakayekiombea.