Kijiko cha Bibi Nyanjige

NYANJIGE: Haloo! Nani huyo? Simu ni ya mwanangu Ndalahwa, yuko kwenye mizani ya pamba.

DOMITILA: Mwangaluka, mayu. Umeamkaje, mama? Ni mimi… Domitila. Nesi wa wodi ya wazazi, huku Bariadi.

NYANJIGE: Mjukuu amekufa?

DOMITILA: Hapana, mayu! Mzima. Anany—

NYANJIGE: Sikusikii! Ngoja nipande kichuguu… (mkwaruzo) Haya. Amekufa?

DOMITILA: Ananyonya! Degedege imekoma. Dripu tumeitoa leo asubuhi.

NYANJIGE: Mungu asante. Nawe nesi, nisamehe.

DOMITILA: Mayu, ndiyo maana nime—

NYANJIGE: Kwa yale maji ya sukari. Nisamehe.

DOMITILA: Si ulikataa? Ulisema hukumpa kitu.

NYANJIGE: Nilikataa. Siku nne nawaza. Labda nilimpa, uzee ukanisahaulisha. Kijiko si nilikuwa nacho mkononi?

DOMITILA: Cha uji wa Jenifer, mwanao.

NYANJIGE: Ndivyo nilivyosema. Ukasema mashine imeona sukari kumi na moja kwenye damu ya mtoto wa siku moja, nani kampa kama si mimi? Hapa Dutwa wanunuzi wa pamba wamekuja watatu, kila mtu na mzani wake, na kila mzani una lake. Lakini yako ulisema haidanganyi. Nikaamini. Kijiko nimekitupa chooni.

DOMITILA: Mayu… mashine ilikosea.

NYANJIGE: Ilikoseaje?

DOMITILA: Vimashine hivi vipya, unajua, wakati mwingine… Haloo?

NYANJIGE: Nipo.

DOMITILA: Sukari ya mtoto haikuwa juu. Ilikuwa chini mno. Ndiyo iliyomletea degedege. Dokta Januarius alipopima, akakuta moja tu.

NYANJIGE: Alipima kwa mashine nyingine?

DOMITILA: Ile ile.

NYANJIGE: Basi haikukosea.

DOMITILA: …Yeye alisafisha kisigino kwanza. Mimi sikusafisha. Nilitoka kunywa soda, mayu. Ilinimwagikia vidoleni, nikajipangusa kwenye gauni, basi. Nikashika kisigino cha mtoto, nikachoma, damu ikachanganyika na soda yangu. Mashine ilisoma soda. Nami nikaona kumi na moja, nikaona na kijiko chako…

NYANJIGE: Ukanitoa wodini.

DOMITILA: Nikakutoa. Mtoto alihitaji maziwa saa ile ile, mimi nikasimama kugomba. Naona aibu, mayu. Hata chakula hakipiti.

NYANJIGE: Jenifer anajua?

DOMITILA: Bado.

NYANJIGE: Na huyo dokta?

DOMITILA: Naye bado. Kwenye faili niliandika ni wewe. Nikaona nikwambie wewe kwanza, tuyamalize—

NYANJIGE: Kimya kimya.

DOMITILA: Wenzangu wawili wamepunguzwa kazini mwaka huu, mayu. Wakijua hili…

NYANJIGE: (mkwaruzo) …kunigeuzia mgongo.

DOMITILA: Umesemaje?

NYANJIGE: Jenifer! Nimemzaa mimi, akanigeuzia mgongo. Wodi nzima wakanitazama nikikunja khanga. Nawe ulikuwa unapaza sauti, nesi, mpaka watu wa nje wakachungulia dirishani. Nilitembea hadi stendi sijui naona nini.

DOMITILA: (analia) Nisamehe, mayu.

NYANJIGE: Usilie, utamaliza salio. Basi linapita hapa saa nane. Nakuja.

DOMITILA: Karibu. Nitakupokea getini, tukae pembeni tuo—

NYANJIGE: Getini sina shida. Nipokee wodini, katikati ya vitanda, Jenifer akiwepo. Useme kwa sauti ile ile.

DOMITILA: Mayu, salio lina—

NYANJIGE: Ile ile! Wa dirishani nao wasikie. Ukimaliza, ukamwambie dokta afute kwenye faili.

DOMITILA: …Ndiyo, mayu. Nitasema. Kwa heri, inaka—

NYANJIGE: Na unitafutie kijiko. Uji nakuja nao.

(simu inakatika)