Dada na Magnesi Kidogo

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, tumbo moja, na kabla sijasoma wasifu wake niseme wazi kwamba hatukupatana, maana wengi wenu mnalijua hilo na ndiyo sababu mnanitazama hivyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, wa kwanza kati ya watoto wawili, akaanza shule mwaka 1968, mkaidi tangu hapo, akamaliza chuo cha ufundi mwaka 1982, na tarehe 3 Januari 1983 akaajiriwa katika karakana ya kuunganisha metali, ambako nami niliajiriwa baadaye, kisha nikawekwa kuwa mkuu wake, jambo ambalo hakunisamehe.

Kazi yake ilikuwa kuunganisha alumini na metali-kioo, ile inayopozwa ghafla hata ikakosa mpangilio ndani yake kama kioo, ngumu ajabu, lakini ukiizidishia moto inavunjika kama kigae. Marehemu alisema tusiongeze moto, tutie kwenye alumini magnesi kidogo, ile metali nyepesi, hata sehemu moja katika mia haifiki, nayo itapasua ule utando wa juu unaozuia metali hizo kushikana. Nikamwambia mbele ya mafundi, "Dada, hapa si jikoni, hatuungi mchuzi." Akajibu, "Wewe unapuliza moto kwa kuwa huna kingine kichwani."

Tarehe 9 Juni 1998 niliamuru moto uongezwe, bila magnesi, kiungo kikaachia kwenye majaribio, kipande kikamtoboa jicho fundi wa mashine, ambaye yuko hapa leo, nami nikaandika katika ripoti kwamba marehemu alichanganya alumini vibaya. Kwenye karatasi hii shemeji, mume wake, ameandika "alihamishiwa stoo". Nilimhamisha mimi, akagawa glavu hadi alipostaafu mwaka 2017, na hata vijana walipojaribu magnesi yake na viungo vikashika, nilinyamaza.

Alifunga ndoa na shemeji, fundi saa, tarehe 22 Agosti 1987, wakajaliwa binti mwaka 1989 na mwana mwaka 1993, ambao wote wawili wamekataa mkono wangu asubuhi hii.

Alianza kuugua mapafu Januari 2024, akalazwa mara tatu, nami nilikwenda wodini mara moja tu, akafumbua macho, akauliza, "Umekuja kupima nini?", akageukia ukutani. Alifariki tarehe 3 Septemba 2024, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, maana hakuwa mgonjwa mwepesi, na majirani waliomfulia na kumpikia wakati mimi sikuonekana. Wafanyakazi wenzake, barua ya kusahihisha ripoti ile, yenye sahihi yangu, iko mfukoni mwa fundi wa mashine, yeye ndiye atakayeifikisha karakana, kwa kuwa mimi hamniamini.

Pumzika, dada. Ulisema kweli, nami nilijua siku ile ile.