Udongo Usiopasuka

Benchi la Sobhan pale njia panda ya Kathalbari ni ubao wa mfenesi uliolazwa juu ya matofali, na tangu alfajiri halikosi makalio. Mbele yake kuna jiko la udongo la midomo miwili, birika jeusi juu yake, na Tuni, mjukuu wa Sobhan wa miaka minne, huwa amejibanza ubavuni mwa jiko hilo akilichokoachokoa kwa ukucha. Majuzi damu ya mtoto ilipimwa, ikakutwa na sumu ya risasi, yale madini ya ndani ya betri. Tangu hapo Sobhan chai anaipika, usingizi haupati. Na leo baada ya alasiri kijiji kilitakiwa kuinua mikono: kukubali au kukataa fedha za serikali za kuzoa udongo wa shamba la mianzi, ambako wageni fulani walikuwa wakiyeyusha betri kuukuu mpaka ng'ombe walipoanza kufa, ndipo wageni hao wakatokomea. Sobhan aliitaka mikono yote. Akaanza na iliyoshika vikombe vyake.

— Mtakuja lakini? aliuliza.

— Kuja tutakuja, alisema Lokman. Huyu walimwita Waziri, maana aliwahi kuwa karani wa baraza la kata na mpaka leo hatembei bila mwavuli. — Ila mimi ofisi naijua. Serikali haizoi udongo wa bure. Chini ya ile mianzi kuna dhahabu.

— Dhahabu itoke wapi, Waziri? alisema Sobhan. Pale hata biringanya zinagoma kuota.

— Ndiyo hapo sasa. Biringanya inaogopa dhahabu. Wahenga walisema, usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

— Mkunga ni nani hapo? aliuliza Bachchu, dereva wa bajaji ya betri. Jina lake la kijiweni ni Chaji, kwa kuwa bajaji yake haijawahi kumaliza safari bila kusukumwa.

— Mkunga ni katapila, bwana. Kunywa chai.

Moksed kinyozi, waliyemwita Redio, akasogea mbele.

— Dhahabu wapi. Mimi kuna mteja alinipa habari nikiwa namnyoa. Wanachimba njia ya treni ya chini kwa chini, kutoka hapa mpaka Dhaka. Kusafisha ni geresha tu.

— Treni ipite hapa imfuate nani? Wewe?

— Cheka tu, Chaji. Haba na haba hujaza kibaba. Leo udongo, kesho mtaamka kisima hakipo.

— Kuiba kisima kunawezekana, alisema Waziri kwa uzito. — Niliwahi kuona faili.

Sobhan akaweka kijiko chini. Hasira zilimpanda, na hakuzificha.

— Nyinyi mnaota treni, mimi nina mtoto. Anasahau majina ya kuku aliyowapa mwenyewe. Upepo wa lile shamba ndio unamtia sumu, na fedha ya kulisafisha ipo, imetengwa, ni kodi yetu. Mnataka niwapigie magoti?

Redio akarudi nyuma.

— Sobhan kaka, mimi mkono nitanyoosha, alisema Chaji. — Ila wakishasafisha, si watarudi wale wale?

— Ndiyo maana nusu ya fedha ni ya banda la kukusanyia betri, lenye dohani la kuchuja moshi, na lenye mlinzi. Kusafisha bila kuzuia ni kudeki na bomba umeliacha wazi. Hebu tuambie na wewe, betri zako mbovu unampelekea nani?

Chaji akaangalia kikombe. — Anayelipa vizuri, alisema taratibu. — Sikuwahi kumuuliza anazipeleka wapi.

Wakati huo akafika binti mmoja, buti zimejaa matope, kitambulisho kifuani. Alijitambulisha kuwa ni Shefali, wa kikosi cha usafishaji, na kwamba amewahi mkutano. Wakabanana kumpa nafasi. Waziri akamuuliza kuhusu dhahabu, Redio akamuuliza kuhusu treni, naye akawajibu wote kwa adabu kwamba hapana.

Kisha akamwona Tuni. Mtoto alikuwa amebandua kiganda cha jiko, akakitia mdomoni, anakitafuna taratibu vile wajawazito wanavyotafuna udongo.

— Jiko zuri hili, baba, alisema Shefali. — Halina hata ufa.

— Halipasuki, alisema Sobhan, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu. — Mvua, jua, halipasuki. Kijiji kizima siku hizi majiko yetu ni haya. Kila Ijumaa tunayapaka upya.

— Udongo wake mnautoa wapi?

Waziri akaufungua mwavuli, akaufunga. Redio alikosa mawimbi. Chaji akageuza shingo kuelekea mianzi walikouchimba, akairudisha upesi. Kila mmoja alikumbuka jiko la nyumbani kwake.

Sobhan aliinama kwa mtoto. Alimtoa mtoto kiganda mdomoni kwa kidole, akamsuuza, akambeba begani. Halafu akachukua birika lililojaa, akalimimina lote motoni. Moshi ukapanda, chai ikawa imekwisha.

— Nimemlisha mwenyewe, alisema.

— Hukujua, baba. Chanzo kikiondoka, sumu kwenye damu hupungua. Na majiko yote tutayaingiza kwenye kazi.

— Basi katapila lianzie hapa.

— Na chai? aliuliza Redio kwa sauti ndogo.

— Jiko jipya likikauka. Udongo wa mtoni.

— Niupime kwanza, alisema Shefali.

Chaji alikwishapanda bajaji. — Tuufuate sasa hivi, tuwahi mkutano. Chaji ya kwenda ipo. Kurudi mtanisukuma.

Waziri, ambaye tangu azaliwe hajasukuma kitu, akaukunja mwavuli wake, akamkabidhi Tuni amshikie.